Foie, ini, umwijima: namna tunda la tini lilivyoingia katika jina la maini

Mtu yeyote aliyesoma shule ya msingi kati ya Beni na Kalemie anakumbuka diktee ya Kifaransa ambamo mwalimu alitamka neno moja, na darasa zima likaandika maneno matatu tofauti. Foi ni imani. Fois ni mara. Foie ni ini. Sauti ni ile ile, haina tofauti hata kidogo. Na Kifaransa, kama kawaida yake, kimeongeza mtego juu ya mtego: foi isiyo na herufi e mwishoni ni ya kike, na foie yenye e mwishoni ni ya kiume. Wengi walipoteza pointi hapo, na wengine wanazipoteza mpaka leo katika barua za kazi.

Maneno hayo matatu hayana undugu wowote. Yalitoka katika Kilatini yakiwa mbalimbali kabisa, kisha karne nyingi za kutamkwa haraka haraka zikayasugua mpaka yakafanana. Foi ilitoka kwa fides, yaani imani ao uaminifu. Fois ilitoka kwa vices, yaani zamu. Lakini foie lina historia ya ajabu kuliko yale mengine mawili, kwa sababu neno hilo, ukilifuata mpaka mwanzo wake, halina ini ndani yake. Lina tunda.

Waroma wa zamani waliita ini iecur. Hilo ndilo neno lao la kweli. Lakini wapishi wa matajiri wa Roma walikuwa na chakula chao cha heshima: ini la mnyama aliyelishwa tini kwa wingi mpaka ini lake likanenepa na kuwa laini na tamu. Tini kwa Kilatini ni ficus. Basi chakula hicho kikaitwa iecur ficatum, ini lililotiwa tini. Hata jina hilo Waroma hawakulitunga wenyewe. Wagiriki walikuwa tayari na msemo wao wa namna hiyo hiyo, hepar sykoton, kutokana na sykon, tini kwa Kigiriki. Waroma walichukua mapishi pamoja na jina lake.

Desturi yenyewe ya kulisha ndege kwa nguvu ni ya zamani zaidi. Katika makaburi ya Saqqara, huko Misri, kuna picha zilizochongwa ukutani zaidi ya miaka 4,000 iliyopita zinazoonyesha watu wakiwalisha bata bukini kwa mikono, wakiwasukumia chakula kooni. Plinio, mwandishi Mroma aliyekufa mwaka wa 79 wakati mlima Vesuvius ulipolipuka (wakaaji wa Goma wanajua kifo cha namna hiyo kinatoka wapi), aliandika kwamba tajiri mmoja mpenda vyakula aliyeitwa Apicius alichukua ufundi huo wa bata bukini akaupeleka kwa nguruwe. Nguruwe waliliswa tini zilizokaushwa mpaka wakashiba kupita kiasi, halafu wakanyweshwa divai iliyochanganywa na asali, na hapo hapo wakafa. Ini lao ndilo lililowekwa mezani.

Kisha likatokea jambo ambalo hutokea katika kila soko na kila nganda. Watu wanafupisha. Mteja akisema "niletee moja ya baridi", hakuna anayemuuliza moja ya nini. Vivyo hivyo, kwenye meza za Roma, iecur ficatum ikawa ficatum tu. Neno la ini lenyewe likaangushwa, likabaki lile la tini. Mwanzoni ficatum ilikuwa chakula cha matajiri. Baadaye ikawa ini lolote la kupikwa. Mwishowe ikawa ini lolote, hata lile lililo ndani ya tumbo la msemaji mwenyewe.

Ndiyo maana leo Wafaransa wanasema foie, Waitalia fegato, Wahispania hígado, Wareno fígado na Waromania ficat. Wote hao, wanapotaja ini, wanataja tini bila kujua. Wagiriki nao walifika pale pale kwa njia yao: katika Kigiriki cha leo ini ni sykoti, kutoka tini ile ile. Ni nadra sana jina la mapishi kulifukuza jina la kiungo cha mwili katika inchi nyingi namna hii.

Na iecur? Lilikufa katika lugha zote zilizozaliwa na Kilatini. Lakini ndugu yake wa mashariki bado anaishi. Waajemi wanaita ini jigar, neno ambalo wataalamu wa lugha wanalihesabu kuwa la ukoo mmoja na iecur na hepar. Jigar imesafiri mpaka Kiurdu na Kihindi, na Waturuki wamelichukua wakaligeuza kuwa ciğer. Waturuki wanaliita ini karaciğer, ini jeusi, na pafu wanaliita akciğer, ini jeupe. Mchinjaji yeyote wa Bukavu anayepanga vya ndani vya ng'ombe juu ya meza atakubali kwamba mpangilio huo si wa kijinga.

Hepar la Wagiriki wa zamani nalo halikufa. Liliacha jikoni likaenda hospitalini. Munganga anapoandika hépatite kwenye karatasi ya mgonjwa, anaandika hepar pamoja na mwisho wa neno unaoonyesha uvimbe na uchungu wa ndani. Anapoandika cirrhose, anatumia neno lililotungwa mwaka wa 1819 na Mfaransa Laennec, yule yule aliyevumbua kifaa cha kusikiliza kifua. Alilitoa katika neno la Kigiriki la rangi ya manjano iliyofifia, kwa sababu ndivyo alivyoyaona maini ya marehemu alipowapasua. Kwa hiyo Mkongomani anayekwenda hospitali ana majina mawili ya Ulaya ya kiungo kimoja: la mpishi Mroma, ambalo yeye anamwambia munganga, na la Mgiriki, ambalo munganga anamrudishia kwenye karatasi.

Kiswahili hakikuhitaji tini

Neno letu ini ni la Kibantu, na ni la kale. Wakikuyu wa Kenya wanasema ini vile vile. Wanyankole wa Uganda wanasema eine. Inafaa kukumbuka hilo, kwa sababu Kiswahili kimekopa maneno mengi ya mwili na ya ndani ya mtu kutoka Kiarabu. Damu ni Kiarabu. Roho ni Kiarabu. Lakini Waarabu wanaita ini kabid, na Kiswahili hakikulichukua. Kilibaki na ini lake.

Majirani wa karibu hata hivyo hawakukubaliana juu ya jina moja. Kwa Kilingala ini ni libale, na mgeni anayejifunza lugha hiyo inambidi aangalie asilichanganye na libala, ambayo ni ndoa. Warundi wanasema igitigu. Katika Kiganda ni ekibumba. Washona wa Zimbabwe wanasema chiropa, neno linalotoka katika ropa, damu. Na katika Kinyarwanda, lugha inayosemwa pia na watu wengi wa Masisi na Rutshuru, ini ni umwijima. Ukiliona limeandikwa tu, bila kulisikia, huwezi kujua kama mwandishi anazungumzia ini ao giza, kwa sababu giza nalo linaandikwa umwijima. Msemaji wa lugha hiyo hachanganyikiwi, sauti inamwonyesha. Mgeni anayesoma tangazo la hospitali ndiye anayeshangaa kwa nini watu wanaitwa kupimwa ugonjwa wa giza.

Kuna mzizi mwingine wa Kibantu ambao umetembea kati ya viungo viwili. Ni ule wa tima: motema katika Kilingala, umutima katika Kinyarwanda na Kirundi, mtima katika Kiswahili cha washairi. Sehemu kubwa unataja moyo. Lakini zipo lugha za Kibantu ambamo mzizi huo huo umehamia kwenye ini, ao unataja vyote viwili. Jambo hilo si la kushangaza. Watu wa zamani walipokuwa wanapasua mnyama hawakutafuta pampu ya damu. Walitafuta mahali ambapo mtu anahisi mambo, na kila kabila lilipachagua pake.

Ujasiri unakaa wapi?

Hapa ndipo maneno ya ini yanapofurahisha kweli. Kwa Kizulu, isibindi ni ini, na pia ni ushujaa. Mtu jasiri ni mtu mwenye ini. Kwa Kisotho, sebete kina maana hizo hizo mbili. Mwitalia naye, bila kumuuliza Mzulu, anasema mtu shupavu ana fegato. Wakorea wanasema mtu asiyeogopa ana ini kubwa. Mfaransa ameligeuza upande wa pili: kwa lugha ya mtaani, mtu aliyeshikwa na woga "ana maini", avoir les foies, na zamani walimalizia kwa kusema maini hayo ni meupe. Waingereza nao waliona mwoga ni mtu mwenye ini lililopauka. Wazo la nyuma ni moja: ini lililojaa damu ni la mtu mwenye nguvu, na ini lililokauka damu ni la mtu anayetetemeka.

Wazo hilo lilikuwa na waalimu wake. Galeno, munganga Mgiriki wa karne ya 2, alifundisha kwamba damu inatengenezwa katika ini kutokana na chakula, kisha inagawanywa mwilini. Waganga wa Ulaya na wa inchi za Kiarabu walimwamini kwa zaidi ya miaka 1,000. Mwaka wa 1628 ndipo Mwingereza William Harvey alipotoa kitabu kilichoonyesha kwamba damu inazunguka, ikisukumwa na moyo. Tangu hapo ini lilishuka cheo katika vitabu. Katika lugha halikushuka.

Kabla ya Galeno, ini lilikuwa hata kitabu cha kusoma mambo yajayo. Katika Biblia, Ezekieli sura ya 21, mfalme wa Babeli anasimama kwenye njia panda, hajui ashike njia gani ya vita, na kati ya mambo anayofanya ni kutazama ini la mnyama. Wasomaji wa maini wa Babeli walikuwa na shule. Mifano ya maini ya udongo waliyofundishia, yenye mistari na maandishi, iko leo katika majumba ya makumbusho ya London na Paris. Mwaka wa 1877, karibu na mji wa Piacenza, Italia, mkulima alifukua ini la shaba lenye majina ya miungu ya Waetruski yaliyoandikwa sehemu kwa sehemu, kama ramani.

Katika Kiebrania ini ni kaved, na neno hilo hilo linamaanisha zito. Ni sawa kabisa: ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na hakuna kiungo cha ndani kinacholizidi. Lakini Waebrania hawakuishia kwenye mizani. Katika Maombolezo sura ya 2, mwandishi anayelia juu ya Yerusalemu iliyoharibiwa anasema kwa lugha yake kwamba ini lake limemwagika chini. Ni huzuni ambayo moyo peke yake haukutosha kuibeba. Waarabu, ndugu zao wa lugha, wanamwita mtoto kipande cha ini la mzazi. Wachina wanaunganisha moyo na ini katika neno moja wanapomwita mtu wanayempenda sana.

Waindonesia wamekwenda mbali kuliko wote. Hati ni ini, lakini pia ndiyo neno la kila siku la moyo wa mapenzi, wa uchungu na wa dhamiri. Kuumia hati ni kuudhika. Kulitaja mara mbili, hati-hati, ni kumwambia mtu ajihadhari. Na neno hilo lilivuka Bahari ya Hindi kabla ya meli yoyote ya Mzungu: huko Madagaska, ambako mababu wengine walitoka upande wa Indonesia, ini ni aty.

Sisi wa Kiswahili tuko wapi? Watu wa pwani wanasema maneno makali "yanakata maini", yaani yanatia uchungu ndani kabisa. Wanasema pia jambo limetumbukia nyongo, wakimaanisha limeharibika, na yeyote aliyewahi kupasua kifuko cha nyongo wakati wa kutayarisha kuku anaelewa kwa nini. Huku Kongo misemo hiyo haisikiki sana. Kwetu roho ndiyo imechukua kazi zote. Roho inauma, roho mbaya, roho ya kusaidia. Maini yamebaki kwenye sahani, na kwenye mdomo wa mgonjwa.

"Anagonjwa foie"

Kwenye sahani hakuna ubishi. Burusheti ya maini, ugali, pilipili kidogo. Wazazi wengi wanampa maini mtoto aliyekosa damu, na safari hii sayansi iko upande wao: maini yana chuma nyingi na vitamini B12. Wamarekani Minot na Murphy walionyesha mwaka wa 1926 kwamba wagonjwa wa aina moja ya upungufu wa damu, ambao wakati ule ilikuwa hukumu ya kifo, walipona kwa kula maini kwa wingi. Miaka 8 baadaye walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na mwenzao Whipple. Galeno, kwa njia ya pembeni, hakuwa amekosea yote.

Kwa mgonjwa mambo ni magumu zaidi, na hapo jina si mchezo tena. Wakaaji wengi wa mashariki mwa Kongo wakisema mtu "anagonjwa foie", wanaweza kuwa wanamaanisha kichefuchefu baada ya kula mafuta mengi. Ni ile crise de foie ya Wafaransa, ambayo waganga hawaihesabu kama ugonjwa wa ini. Maumivu ya aina hiyo mara nyingi yanatoka tumboni ao kwenye kifuko cha nyongo. Ini lenyewe halisemi. Nyama yake ya ndani haina mishipa ya kuhisi uchungu, na mtu anaweza kukaa na virusi vya hepatiti B miaka 20 ao 30 akilima, akibeba mizigo, akizaa, bila kuhisi kitu.

Halafu kuna rangi ya manjano. Macho yakigeuka manjano, Kifaransa kinasema jaunisse, na watu wengi wanasema tu "manjano". Lakini homa ya manjano ni ugonjwa mwingine, unaoletwa na mbu, na ndiyo ule ambao chanjo yake inaandikwa kwenye kile kikaratasi cha manjano kinachoombwa mpakani na kwenye uwanja wa ndege. Homa ya ini, hepatiti, si hiyo. Hepatiti B inapitia damu, ngono, wembe na sindano zilizotumiwa na mwingine, na mara nyingi mama anampa mtoto siku ya kuzaliwa. Hepatiti A na E zinapitia maji na chakula kichafu. Mtu mwenye kikaratasi cha mpakani anayedhani amekingwa na "manjano" yote, amedanganywa na neno.

Na kuna tumbo. Ini likishakauka kwa cirrhose, kwa sababu ya virusi ao ya miaka mingi ya kanyanga na lotoko, maji yanajaa tumboni, miguu inavimba, mwili unakonda. Kivu nzima wanajua jina ambalo familia inatoa mbele ya tumbo kama hilo: sumu, karuho. Wanatafuta mtu wa kumtapisha mgonjwa, kisha wanatafuta nani alimpa. Jirani, mke mwenza, ama mama wa kambo anatajwa. Wakati huo wote kipimo kidogo cha damu hakijafanywa. Dawa za kutapisha, nyingine kali kwa ini ambalo limechoka tayari, zinamalizia kazi. Mihogo, mahindi na karanga zilizoota ukungu ghalani nazo zinaongeza hatari ya kansa ya ini, hasa kwa mwenye hepatiti B, na hakuna anayewahi kuishutumu karanga.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka wa 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi na hepatiti B, na milioni 50 na hepatiti C. Hepatiti za virusi ziliua watu milioni 1.3 katika mwaka huo mmoja. Katika kila watu 100 wanaoambukizwa hepatiti B upya duniani, 63 wako Afrika, lakini ni watoto wachanga 18 tu kati ya 100 barani ambao wanapata chanjo yake mara tu wanapozaliwa. Siku ya kimataifa ya hepatiti ni tarehe 28 Julai, siku aliyozaliwa Baruch Blumberg, Mmarekani aliyegundua virusi vya hepatiti B na kupata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1976.

Kongo, mtoto anapewa chanjo hiyo akiwa na wiki 6, 10 na 14, ikiwa imechanganywa na nyingine nne katika sindano moja. Akina mama wanaiita Penta. Kwenye chupa yake kumeandikwa DTC-HepB-Hib, na hizo herufi tatu za katikati, Hep, ni lile ini la Wagiriki, kabla mtu yeyote hajalitia tini.